Atakayesimama na Mkaguzi Jumamosi

Naliaka mwanangu,

Umevuka ua kwenda kumuaga mjomba wako na hata sufuria za chakula cha jioni hukuzifunika. Nimezifunika mimi. Sasa nimekaa mezani, dirisha liko wazi, na ninawasikia mkicheka. Barasa anasema kitu, na wewe unaangua kile kicheko chako cha kukosa pumzi. Kwangu huwa hucheki hivyo. Kwangu unatabasamu na kusema, "Aki baba." Nilitaka kufunga dirisha, nikaona afadhali niandike.

Mama yako ameniona nikitafuta kalamu akaniuliza, "Unaandikia nani, na mtoto ako hapo tu kwa Barasa?" Nikamwambia ni mambo ya bima. Akacheka pia. Leo kila mtu anacheka isipokuwa mimi.

Sitakuandikia kuhusu mtungi wa gesi, wala kufuli, wala vijana wa Naivasha. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima, na mengine ameyarudia mpaka hata mimi nimeyashika. Nina jambo moja tu. Jana tukila ulisema mkaguzi wa kampuni ya bima ataenda kuiangalia ile nyumba unayonunua Naivasha Jumamosi, kwamba wewe utakuwa zamu kwenye mitambo ya umeme huko Olkaria, na kwamba mjomba amekubali kusimama kwa niaba yako. Ulisema hivyo huku ukinipitishia mboga. Hukuniuliza kama nina nafasi. Hukusema hata kama ulinifikiria ukaona sifai. Nilichukua mboga nikasema ni sawa. Haikuwa sawa. Nina wivu, Naliaka. Nimetafuta neno la heshima zaidi linalomfaa mtu wa umri wangu na sijalipata.

Ninajua kwa nini umemchagua. Kila mtu katika familia hii anajua kwamba bima ya Barasa ililipa na ya baba Naliaka ikakataa. Lakini kwa nini ilikataa, hapo kila mmoja ana kipande chake, na kile kipande kikubwa nimekikalia mwenyewe. Nakupa chote leo, kwa sababu kesho unaondoka, na kwa sababu hicho kicheko kimenichoma.

Mimi na Barasa tulinunua ardhi hii pamoja kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia Molo. Wakati huo huku mwisho wa mtaa wa Kaptembwo bado kulikuwa na shamba la mahindi. Tukaligawa mara mbili. Kwa kuwa nilikuwa nimemwoa dada yake, na kwa umri namzidi, Barasa akaniambia nichague kwanza. Nilichagua upande wa chini, tambarare kabisa, udongo laini wa kuchimba msingi bila jasho. Yeye akabaki na mteremko na mawe. Nilimtania kwa hilo miaka mingi. Wageni wakija nilikuwa nawaonyesha upande wake nikisema, "Shemeji yangu huyu analima kokoto." Yeye alikuwa anacheka tu. Huyo mtu hucheka tu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Halafu mwaka mmoja mvua ilinyesha sana, na asubuhi nikakuta mstari kwenye uwanja wangu, nyuma ya jikoni. Wewe ni mtoto wa Nakuru, sihitaji kukueleza. Maji yanaula huu udongo wetu huko chini, juu kunabaki ganda, na siku ganda likichoka linapasuka. Na unajua tunafanya nini sisi watu wa hapa. Tunaleta udongo wa murram na mawe, tunajaza, tunashindilia, tunapanda sukumawiki juu, na hakuna anayesema kitu. Ukisema, ploti yako haiuziki, na ya jirani haiuziki pia, kwa hivyo hata jirani aliyeona anakusaidia kunyamaza. Mimi sikutaka hata huyo jirani aone. Nilingoja Barasa awe kiwandani kwenye kazi yake ya umeme, nikapitisha lori la viazi nililokuwa naendesha kwenye machimbo ya mawe nikitoka Molo, nikaujaza ule ufa peke yangu. Tajiri wa lori hakujua. Mama yako nilimwambia narekebisha mahali pa kuanika nguo.

Si kwamba niliogopa bei ya ploti. Sikuwa na mpango wa kuuza. Niliogopa Barasa ajue kwamba mimi niliyechagua kwanza nilichagua vibaya.

Kisha Barasa akakata bima ya nyumba, wa kwanza hapa mtaani. Watu walimcheka, wakisema bima ni ya magari na ya matajiri wa Milimani. Nilicheka kuliko wote. Lakini mama yako akaanza kusema "Barasa amefikiria." Tukikaa kula, Barasa amefikiria. Moshi ukionekana mahali mjini, Barasa amefikiria. Baada ya mwezi wa nyimbo hizo nikamwambia Barasa aniletee yule wakala wake. Sikutaka bima, nilitaka huo wimbo unyamaze.

Wakala alikuwa msichana anaitwa Chebet, mwerevu, viatu vyake vimejaa vumbi kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Barasa alikuja naye na kusimama hapo hapo, kama ndugu mwema. Na mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimerudisha lori nyuma mpaka jikoni nikaliegesha juu ya ule ufa.

"Mzee, hii lori inaweza toka kidogo nione nyuma?" Chebet akauliza.

"Haiwezi. Clutch imekufa."

"Pole. Na hakuna ufa kwa compound? Kama iko sema tu, si mbaya. Tunaandika, tunaweka na kaongezeko kadogo ka ardhi kutitia. Hapa Nakuru mimi huambia kila mtu akachukue."

"Mimi nimekachukua, shemeji," Barasa akasema. "Hii ardhi yetu siiamini."

Alisema "yetu". Alinifungulia mlango, Naliaka, na ninakuambia hata leo sijui kama alikuwa anajua. Ningesema tu, "Hata mimi kuna mahali pananisumbua." Badala yake nikasema, "Yako ndiyo usiiamini. Huku kwangu ni flat kama hii meza."

Nikamuuliza Chebet nyumba ya Barasa imeandikwa ya thamani gani. Akakataa kusema, akasema ni siri ya mteja. Barasa mwenyewe akaitaja bila taabu. Nikasema, "Yangu iandike juu ya hiyo."

"Lakini mzee, tunaandika ile pesa ya kujenga nyumba upya. Hiyo unataka imeingiza mpaka ploti. Ploti haichomeki."

"Andika na ploti."

Aliniangalia, akaandika. Kwa hivyo miaka ile yote nilikuwa nalipia udongo bima ya moto, kila mwaka zaidi ya Barasa, na nilikuwa nafurahi kwamba ni zaidi. Na lile jambo moja ambalo udongo huo ungeweza kunifanyia sikulilipia kitu.

Kuna kipande cha kuchekesha, na nakupa hicho pia kwa sababu najua mtakicheka wote. Kesho yake asubuhi Barasa alikuja na fundi wa magari. Alikuwa amemlipa yeye mwenyewe. "Shemeji, nimekuletea mtu wa clutch." Nilisimama pale nikitazama clutch nzima ikifunguliwa na kurudishwa, na yule fundi akiniangalia kama mtu asiye na akili timamu. Nilimchukia Barasa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, na alikuwa hajanifanyia kitu ila wema.

Mengine uliyaona. Ulikuwa Form Two. Mvua ya mchana ule, na mama yako akitoka jikoni kuanua nguo, na nyuma yake kona ya jikoni ikashuka chini polepole, na ukuta wa chumba chako ukafunguka toka juu hadi chini. Namshukuru Mungu kwa zile nguo. Upande wa Barasa ukuta wake mmoja ulipasuka pia. Mkaguzi alikuja akakagua zote mbili siku moja. Kwa Barasa alikaa muda mfupi, wakaandikiana, wakamtengenezea ukuta. Kwangu alichuchumaa kwenye lile shimo akaokota jiwe la machimbo, akaokota lingine, akaniuliza, "Mzee, haya mawe yalikujaje huku chini?" Walikataa kulipa, na walikuwa na haki. Huwa nawatukana mbele za watu. Wewe umenisikia nikiwatukana. Walikuwa na haki.

Lakini si kukataliwa huko kunakonifanya niandike leo. Ni kwamba chumba kilichoanguka kilikuwa chako. Ukahamia kwa Barasa kwa muda tu, mpaka nijenge. Na mimi nikajenga kwa mshahara wa dereva, yaani nilijenga mawe matatu nikalala, mawe matatu nikalala, na wewe ukamalizia Form Four yako ng'ambo ya ua. Nilikuwa nikirudi safari nakaa kwenye hiki kiti nakusikia ukisoma kwa sauti na Barasa akikuuliza maswali. Siku ya wazazi shuleni alienda yeye, mimi nikiwa barabarani na viazi. Alikufundisha fizikia. Akakufundisha hata jinsi ya kukunja mikono unapofikiria, na mpaka leo ukikunja mikono hivyo mimi naangalia pembeni. Chumba chako kilipokwisha ulirudi, ukakaa vizuri, ukanisalimia kila asubuhi. Lakini ukipata jambo kubwa unavuka ua. Ulipopata kazi Olkaria ulivuka ua kwanza. Mimi niliambiwa na mama yako.

Haya. Nimeyasema.

Sasa kuhusu nyumba yako. Ile bima ambayo sacco yako, hicho chama chenu cha akiba na mikopo, inakupa pamoja na mkopo, usiikatae, lakini pia usidhani imemaliza kazi. Nimeuliza. Ile inalinda mkopo wao. Nyumba ikiungua, wao wanapata chao kwanza, na wewe unabaki umesimama na nguo ulizovaa. Godoro lako, friji yako, ile kompyuta, havimo mpaka uviingize. Najua haya kwa sababu wiki iliyopita niliposema naenda mjini kununua mafuta ya breki, sikununua mafuta yoyote. Nilizunguka ofisi za bima. Ya kwanza kijana alinikaribisha vizuri sana.

"Karibu boss. Ni ya gari?"

"Ni ya nyumba. Ya msichana wangu."

"Na yeye mwenyewe ako wapi?"

"Ako na mjomba wake," nikasema, na nadhani nilisema kwa ukali kwa sababu aliniletea chai.

Nilichojifunza ni kwamba ofisi hizi hazifanani hata kidogo. Nyumba ile ile, mawe yale yale, mmoja anataka karibu mara mbili ya mwenzake. Ukiuliza tofauti ni nini, unakuta huyu wa bei rahisi ameacha maji ya mvua nje, au wizi, au ukitaka akulipe lazima kwanza ubebe hasara kubwa mwenyewe. Wakati mwingine hakuna tofauti yoyote, ni bei tu, na ukiwaambia jirani yao anatoza kiasi gani wanashuka. Kama una vyuma madirishani, waambie. Kama uko tayari kubeba mwenyewe vitu vidogo, kioo, bomba, bei inashuka tena, na hilo kwako nadhani linafaa kwa sababu wewe si mtu wa kuvunja vitu. Andika thamani ya kuijenga tu. Ukiandika chini sana ili ulipe kidogo, siku ya hasara nao watakukatia hivyo hivyo. Na ile ya ardhi kutitia ichukue hata kama utaacha kitu kingine. Naivasha na hapa ni bonde moja.

Nilitaka kukuambia haya yote jana. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Kisha ukasema mjomba.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo zito, naomba ulisome taratibu. Nilienda kuiona hiyo nyumba. Nilipakua mzigo Naivasha nikapita, kwa sababu nilisikia Barasa ameshapelekwa kuiona na mimi bado. Wivu tu, sikuwa na sababu bora zaidi. Hapakuwa na mtu, nikaizunguka. Ni nyumba nzuri. Umechagua vizuri kuliko nilivyochagua mimi. Lakini nyuma, kule tangi la maji lilipo, ukuta umepigwa plasta mpya kutoka chini hadi usawa wa dirisha, upana wa mikono miwili hivi, na rangi juu yake bado inang'aa kuliko kwingine. Chini yake mtu amemwaga kokoto na kupanga vyungu vya maua. Nani anapanga vyungu vya maua nyuma ya tangi ambako hakuna anayepita? Nilisimama pale nikahisi kama nimekutana na mtu ninayemfahamu.

Huenda si kitu. Huenda bomba lilivuja wakatengeneza. Nilinyamaza wiki nzima kwa sababu nilijua ungewaza kwamba naiponda nyumba kwa sababu Barasa ameisifu. Na kweli, Naliaka, nilipoiona ile plasta, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha kidogo, kwamba Barasa ameikosa. Ni furaha ya aibu lakini ilikuwepo. Hofu ilikuja baadaye, nikiwa kwenye lori, na haijaondoka.

Sacco haitamlipa muuzaji mpaka karatasi ya bima itoke. Hapo ndipo bahati yako ilipo. Mpaka Jumamosi bado unaweza kumwambia muuzaji apunguze bei, au atengeneze, au ukaondoka. Mkaguzi akiuona ufa, atauandika, utalipa zaidi kidogo, na ukitokea ubaya watakulipa. Asipouona, na wewe ukasaini kwamba hakuna ufa, utakuwa umeegesha lori juu yake bila kujua. Mjomba wako ni mtu mwema na msomi. Atampeleka mkaguzi kila chumba, atamweleza mambo ya nyaya za umeme vizuri kuliko mimi. Lakini yeye hajawahi kuficha ufa maishani mwake, na hatajua macho yaende wapi. Alisimama hatua chache kutoka kwangu siku ile na akaniamini kuhusu clutch.

Kwa hivyo naomba Jumamosi.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba umwondoe Barasa. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa na kuikata, ndiyo sababu unaona ukurasa wa kwanza umechafuka. Mwache aje, umeshamwomba, na ukimwondoa utamuumiza bure. Nataka tu na mimi niwepo. Ukikataa sitasema nitaelewa, kwa sababu sitaelewa, nitanuna mwezi mzima na mama yako atakupigia simu kulalamika. Lakini sitakuja bila wewe kunituma. Hii ni nyumba yako na mwenye neno ni wewe.

Nasikia mnaagana sasa. Mlango wa Barasa umefunguka, anakuambia jambo la mwisho, na mimi najizuia nisitegee sikio. Nitaiweka hii kwenye mkoba wako mwekundu, mfuko wa pembeni, uisome ukiwa huko.

Ukinituma, nitavaa lile shati la kanisani. Nitamwacha Barasa aeleze nyaya zake. Kisha nitampeleka mkaguzi nyuma ya tangi, nitaondoa vile vyungu kimoja kimoja kwa mikono yangu, na nitamwambia, "Angalia hapa, pana ufa. Najua kwa sababu niliwahi kuficha wangu." Nitasema kwa sauti, Barasa akiwa amesimama hapo hapo kando yangu, akinisikia.

Baba yako,
Wekesa